Mzito Akae Katikati

Jina langu ni Kemilembe, na wanaojua Kihaya wanajua kwamba ni jina la amani. Aliyenipa alikuwa bado hajaniona nikikasirika. Isaac Kagaruki ameniona, na yeye angependa haya ninayoyaeleza yasisimuliwe kabisa, ndiyo maana nayasimulia.

Nianze na kazi yenyewe, maana bila kuielewa utajiuliza kwa nini nilimchukia mzee wa kanisa, mtu wa makamo ya baba yangu, kiasi cha kumwombea mabaya huku nimepiga magoti. Mimi natengeneza mafuta. Si ya kupikia wala ya kupaka. Natengeneza mafuta yanayofanana na yale yaliyomo kwenye maziwa ya mama, kwa ajili ya maziwa ya kopo ya watoto ambao mama zao wamefariki, au wanatumia dawa zisizoruhusu kunyonyesha.

Fikiria benchi la kanisani la kukaliwa na watu watatu. Chembe ya mafuta ni benchi hilo, na kwenye kila nafasi imekaa asidi moja, nzito au nyepesi. Katika maziwa ya mama, nzito hukaa katikati na nyepesi pembeni. Katika mawese ni kinyume, nzito hupenda kukaa pembeni. Sasa tumbo la mtoto huanza kwa kuwaondoa wa pembeni. Mzito akiondolewa anazurura mle tumboni, anakutana na madini ya chokaa, wanashikana, wanakuwa sabuni. Ndiyo, sabuni, hii hii ya kufulia. Choo kinakuwa kigumu, mtoto anajikunja na kulia, na ile chokaa iliyopaswa kujenga mifupa yake inatoka bure. Lakini mzito akikaa katikati habanduki. Anapita salama na benchi lake, na mtoto ananenepa.

Kazi yangu ni kupanga viti. Nachukua mgando mgumu wa mawese, ambao benchi lake lina wazito watatu, nauyeyusha pamoja na asidi nyepesi niliyoitoa kwenye mafuta ya maparachichi ya huku kwetu Muleba, kisha naupitisha polepole kwenye bomba la kioo lililojaa punje ndogo. Kwenye punje hizo nimenatisha kimeng'enya. Hicho ndicho chenye akili. Kinawainua wa pembeni tu, kinawakalisha wepesi mahali pao, na wa katikati hakimgusi. Lakini kina masharti yake. Kinataka joto la kadiri na unyevu kidogo sana. Ukikiudhi kinakufa, na kikifa hakikuambii. Punje zinabaki vile vile, mafuta yanaingia na kutoka vile vile, ila hakuna kiti hata kimoja kilichobadilishwa.

Nilimfanyia Isaac kazi kule Kibeta, mjini Bukoba, tangu kiwanda chake kikiwa chumba kimoja chenye harufu ya maziwa yaliyochacha. Jengo lilikuwa lake, kichwa na mikono vilikuwa vyangu. Siku mafuta yangu yalipoyeyuka kiganjani kwa joto la mwili tu, kama yanavyoyeyuka mafuta ya maziwa ya mama, nililia peke yangu nikajifuta kwa koti la kazi. Ubaoni pale nje waliandika jina langu chini ya lake, kwamba mimi ndiye mtaalamu mkuu. Nilikuwa napita pale asubuhi nikilitazama kwa chati, nikijifanya naangalia mawingu.

Kisha ikaja siku ya wageni. Walikuja watu kutoka Mwanza na Dar es Salaam, wachungaji wakaja, kwaya ikaimba. Isaac akasimama na tumbo lake, akainua chupa yangu juu, akasema, "Mafuta haya nimeyavumbua mimi mwenyewe, kwa neema ya Mungu."

Nilidhani amejisahau. Nikasimama na kusema kwa adabu zote, "Ta Isaac, waeleze basi wageni jinsi tulivyoyafanya."

Akacheka. "Kemilembe, nyamaza, mwanangu. Kaa chini. Mwanamke ambaye hajawahi kunyonyesha atanifundisha nini kuhusu maziwa ya mama?"

Ukumbi ulicheka. Wanawake pia walicheka, na ninawajua kwa majina. Bukoba nzima ilijua jinsi nilivyohangaika hospitali baada ya hospitali kutafuta mtoto, mpaka mume wangu akachoka na kwenda kuanza maisha mengine Karagwe. Isaac alijua kuliko wote, kwa sababu alikuwa akinipa ruhusa ya kwenda kliniki. Alichukua kidonda changu nilichomwonyesha mwenyewe, akakitumia kuchekeshea wageni. Juma lililofuata jina langu lilikuwa limepakwa rangi nyeupe pale ubaoni. Nilifunga mizigo yangu, bomba langu la kwanza na mfuko wangu wa punje, nikamwachia lile bomba kubwa la kiwandani na punje zake, nikarudi kijijini kwetu Nshamba kwenye stoo ya kahawa ya marehemu baba.

Nilimchukia. Nataka hilo lieleweke vizuri. Watu waliniambia nisamehe, nami nikawaambia wasamehe wao kwa kuwa wana nafasi. Nilikuwa nikiamka naye, nikimenya ndizi naye, nikipanga namna ya kumwaibisha: nitamshitaki, nitaenda redioni, nitasimama kanisani kwake wakati wa matangazo. Wanasheria walinieleza kwamba sina karatasi yoyote. Nikaendelea kutengeneza mafuta yangu kidogo kidogo, nikimpelekea Daktari Mastura wa Bukoba kwa ajili ya watoto anaowaangalia mwenyewe, na nikaendelea kusubiri.

Aliyekuja, Alhamisi moja, alikuwa mkewe.

Ma Edvina alishuka kwenye gari akiwa amejifunga khanga mabegani na uso umemnyauka. Alinikuta nje nachambua maparachichi. Hakusubiri hata nimkaribishe.

"Waitu, Kemi, usinifukuze. Nimekuja kwa ajili ya mwijukuru wangu."

Nikamweka kitini, nikampa chai. Akanieleza. Joyness, mke wa mwanawe Kamala, alikuwa amejifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Uzazi ulimwachia ugonjwa, na dawa alizopewa zilimkataza kunyonyesha. Kiwanda cha Isaac kilikuwa ndiyo kwanza kinajiandaa kuanza kuuza maziwa ya kopo. Isaac akaona Mungu amempa bahati. Akatangaza kwamba mjukuu wake ndiye atakuwa mtoto wa kwanza kunywa maziwa ya babu yake, na picha yake ndiyo itakayokaa kwenye kopo.

"Akaanza kunywa," alisema Ma Edvina. "Tumbo likajaa. Choo kama kokoto. Analia mpaka anakuwa wa bluu, Kemi, na uzito unashuka. Daktari Mastura ameyasimamisha, tukampa ya dukani, nafuu ni kidogo sana. Daktari akasema, tatizo liko kwenye mafuta, na anayejua mafuta hayo ni mmoja tu, na ninyi mmemfukuza."

"Mimi nilifukuzwa na mumeo."

"Na mimi nilikuwa ukumbini," akasema. "Sikucheka. Lakini sikusema neno pia."

Alikuwa amekuja na chupa ya mafuta ya Isaac kutoka kiwandani. Nikachota kidogo, nikayaweka kiganjani, nikafunga mkono. Nikahesabu mpaka mia. Nilipofungua, mafuta mengine yalikuwa yametiririka, lakini katikati ya kiganja kulibaki chengachenga, ngumu, kama ugali uliopikwa na mtu mwenye haraka. Nikazisugua kwa kidole. Hazikuyeyuka. Ule ulikuwa mgando wa mawese vile vile ulivyotoka kwenye gunia, umechanganywa tu na mafuta mepesi. Kimeng'enya hakikuwa kimefanya kazi yoyote.

"Nani aliyesafisha bomba la punje?" nikauliza.

"Isaac alisimamia mwenyewe." Ma Edvina alijikaza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na fahari kidogo. "Chakula cha mtoto mchanga, Kemi. Kabla ya kuanza alimwagia mle ndani maji yanayochemka, akarudia, akarudia tena. Wafanyakazi walitaka kupitisha mafuta ya uvuguvugu tu kama ulivyokuwa ukifanya wewe, akawafokea. Akawaambia, wachafu ninyi."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ukizaliwa upande wetu huu, katika nyumba iliyosomeshwa na misheni, unaweza ukasahau Zaburi zote lakini huwezi kusahau kuchemsha. Maji ya ziwa yachemshwe, maziwa yachemshwe, kikombe cha mgeni kimwagiwe maji ya moto, kijiko cha mtoto kichemshwe, na kama kuna shaka kichemshwe tena. Mama zetu walituokoa na kipindupindu kwa sufuria. Basi Isaac, mvumbuzi wa mafuta kwa neema ya Mungu, alikichemsha kimeng'enya. Alikiua kwa usafi. Na hakujua, kwa sababu hakuwahi kujua kwamba mle ndani kuna kitu kinachoweza kufa.

Nilifurahi. Sitasema uongo. Furaha ilinipanda mwili mzima, nikatamani ukumbi ule wote uwepo pale uone kiganja changu. Kisha Ma Edvina akaanza kulia, kimya kimya, chai ikimwagika kwenye sahani, nami nikakumbuka kwamba katikati ya shangwe yangu kuna mtoto anayejikunja kwa maumivu.

Mtoto hakunikosea kitu. Nikampigia simu Daktari Mastura pale pale, tukaelewana jinsi maziwa yatakavyochanganywa na yeye mwenyewe atakavyomsimamia. Nikatoa chupa ya mafuta yangu mapya, nikaifunga kwa kitambaa safi, nikamkabidhi Ma Edvina.

"Anywe leo leo," nikamwambia. "Lakini mumeo asijue. Mwambie hivi tu: Kemilembe amesema, mwenye shida aje mwenyewe."

Akanitazama, macho yakiwa bado na machozi. Nilidhani atanikatalia. Badala yake mdomo wake ukacheza pembeni.

"Tangu nimeolewa na Isaac Kagaruki," akasema, "sijawahi kumwona akiomba kitu. Nitasema hivyo hivyo."

Isaac akaja kesho yake, Ijumaa asubuhi. Ijumaa ni siku ambayo wakulima wananiletea maparachichi, na penye mlango wa stoo nina benchi wanalokalia wakisubiri. Mzee Twaibu alikuwa upande mmoja na Ma Kyaruzi upande mwingine, wamewekeana vikapu katikati. Isaac alisimama mbele yao na suti yake, kofia mkononi, vumbi jekundu limempanda mpaka magotini.

"Nina mazungumzo na Kemilembe," akasema.

"Na sisi pia," akajibu Ma Kyaruzi bila kuinuka.

Nikatokea mlangoni. "Sogezeni vikapu, Ta Isaac akae hapo katikati. Yeye ni mzito."

Alikaa. Hakuelewa, na hilo lilizidi kunifurahisha. Nikatoa kahawa ya kutafuna, akamwani, ambayo kwetu mgeni hukaribishwa nayo hata kama umegombana naye. Nikampa Mzee Twaibu. Nikampa Ma Kyaruzi. Mkono wa Isaac ulikuwa umeshanyooka, nami nikafunika kikapu na kurudi ndani. Nilimsikia Mzee Twaibu akikohoa kuficha kicheko. Nikapima maparachichi yote, polepole, moja moja nikilibonyeza kama vile ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona parachichi. Isaac alibaki pale na mkono wake mtupu mpaka wenzake wakamaliza na kuondoka.

Nilipomwita ndani alisimama mbele ya bomba langu la kioo. Mafuta yalikuwa yanashuka kwenye punje taratibu. Nikamwonyesha kiganja changu, kwanza kwa mafuta yake, kisha kwa yangu. Nikamweleza alichokifanya kwa maji yake ya moto. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemuumiza mtoto," akasema.

"Ni wewe."

Akakaa juu ya gunia. Sauti ilipomtoka ilikuwa ndogo. "Rudi kazini, Kemi. Nitakupa cheo. Nitakufanya mkurugenzi."

"Sitaki."

"Jina lako nitalirudisha ubaoni. Kwa herufi kubwa kuliko langu, ukitaka."

"Ubao unafutika. Uliwahi kulifuta, nikaliona na rangi haijakauka. Safari hii ninataka uliweke mahali usipoweza kulifuta." Nikavuta pumzi, maana neno hili nilikuwa sijalijaribu kwa sauti. "Mtoto hajapewa jina. Nasikia mnasubiri apate nguvu. Kwenu anayetoa jina ni babu. Mpe langu."

Alinyanyuka kama aliyechomwa. "Hapana! Huyo ana jina tayari. Ni Kokugonza. Ni la mama yangu mzazi! Nilimwahidi kitandani kwake, mikono yake ikiwa mikononi mwangu."

Nilijua. Ma Edvina alikuwa ameniambia. Na nikiri kwamba mahali fulani ndani yangu palitikisika, kwa sababu mama yake nilimfahamu, alikuwa akinipa ndizi mbivu nikipita kwao Nshambya, kule mjini. Lakini nikamkumbuka huyu huyu Isaac akiinua chupa yangu juu, na kicheko cha ule ukumbi.

"Na sababu ya jina uitaje," nikaendelea. "Mbele ya ndugu zako wote na wazee wa kanisa. Useme mafuta yalikuwa ya nani tangu mwanzo, na useme ulichonijibu siku ile. Neno kwa neno."

"Na nikikataa?"

Nikageuka kutazama bomba. Mafuta yaliendelea kushuka. Mtoto alikuwa ameshayanywa tangu jana yake, lakini Isaac hakujua hilo, naye alikuwa akitazama kila tone kana kwamba ndilo la mwisho duniani. Nikamwacha atazame.

Kisha akasema, "Mama atanisamehe," na nikajua hakuwa akiongea na mimi.

Nikamkabidhi chupa nyingine. Na alipokuwa anatoka nikampa akamwani, punje moja tu. Aliitia mdomoni akaondoka akiitafuna huku analia.

Jina lilitolewa Jumamosi ya juma lililofuata, nyumbani kwao Nshambya. Mtoto alikuwa amerudi kutoka hospitali, mashavu yameanza kujaa. Joyness aliniita nikae karibu naye mkekani. Ndugu walijaa sebuleni na barazani, wazee wa kanisa wamepewa viti vya mbele, na wale wanawake waliocheka walikuwapo pia. Niliwasalimia mmoja mmoja kwa jina.

Isaac alimpokea mtoto kutoka kwa Ma Edvina. Wote walikuwa wanajua atakachosema, na shangazi mmoja alikuwa ameshafungua mdomo kupiga vigelegele vya Kokugonza.

"Mtoto huyu," akasema Isaac, "ni Kemilembe."

Vigelegele vilimkauka shangazi. Isaac akaendelea, macho chini, na akaisema sababu yote. Kwamba mafuta yaliyomponya mtoto niliyatengeneza mimi. Kwamba hata yale ya kwanza, ya siku ya wageni, yalikuwa yangu. Kwamba niliposimama aliniambia ninyamaze, na kwamba aliuliza mwanamke ambaye hajanyonyesha atamfundisha nini kuhusu maziwa. Aliyarudia maneno yale neno kwa neno, na safari hii hakuna aliyecheka. Nilimsikiliza mpaka mwisho bila kushusha macho. Nilikuwa nimeingoja siku hii kama wengine wanavyongoja mvua, na ilinyesha yote juu yangu.

Akamrudishia mkewe mtoto na kujifuta jasho. Akanigeukia. "Sasa umeridhika?"

Ma Edvina ndiye aliyejibu. Alikuwa anamfunga mtoto vizuri kwenye shuka, na alisema kwa sauti ya mtu anayezungumzia chumvi kwenye mchuzi.

"Isaac, mtoto alianza kuyanywa Alhamisi ile ile. Kemi alinipa siku niliyokwenda, hakutaka chochote. Wewe ulikwenda Ijumaa."

Isaac alimtazama mkewe, akanitazama mimi, akamtazama mtoto. Nilimwona akihesabu moyoni: lile benchi, mkono wake uliobaki mtupu, yale matone, jina la mama yake. Akafungua mdomo. Mzee wa ukoo aliyekaa kiti cha mbele akatikisa kichwa kabla hajatamka neno, kwa sababu kila mtu pale alijua kwamba jina likishatolewa na babu mbele ya watu halirudi mdomoni.

Hapo mtoto akaanza kulia. Si kilio cha maumivu, nakijua kile. Kilikuwa kilio cha njaa, kipana, cha mtu mwenye tumbo zima na madai yake. Joyness akampokea kwa mama mkwe wake, akaniwekea mapajani wakati akichanganya maziwa, na alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Uso wake mdogo ulikuwa mwekundu kwa hasira. Nikainamisha kichwa wasinione.

Isaac alikuwa bado amesimama katikati ya sebule, watu wote wakimtazama, hajui aweke wapi mikono. Akainama juu ya mtoto, akambembeleza kwa sauti iliyopasuka.

"Kemilembe, nyamaza. Nyamaza, mwanangu."

Nikainua uso na kumtazama. Mtoto alivuta pumzi, akaongeza sauti.